Kiti Kitupu cha Soko la Mchina

Mwajabu binti Hija aliingia Temeke akiwa na kigoda, karai na mbuzi ya kukunia nazi, na kwa muda mrefu watu hawakumjua kwa kitu kingine. Alitoka Boko, upande wa pili wa mji, baada ya talaka yake ya pili. Kule alikuwa akilala katika chumba cha uani kwa kaka yake, chumba chenye mlango wa kufungwa kwa kamba. Kaka hakumfukuza. Ila kila asubuhi wake za kaka walimwekea kinu mbele ya mlango kabla hajanawa uso, na hawakuwa na haja ya kusema neno. Mwanamke aliyeachwa mara mbili, tena asiye na mtoto, hukaa kwa watu kama mtu aliyejikinga mvua barazani: anavumiliwa mpaka ikatike, na wenye nyumba wanatazama mawingu.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya Mwingereza, minazi ya Temeke ikiwa mingi kuliko nyumba. Kando ya njia ya Kilwa, pale wanawake wa Mbagala walipozoea kutua mihogo yao wapumue kabla ya kuingia mjini, palikuwa na bustani ya mboga ya Mchina mmoja, na mbele ya bustani palikuwa na kijumba. Mwajabu hakuuliza ni cha nini. Aliona tu kwamba ukuta wake wa kaskazini unakinga upepo wa kusi, akapanga mafiga yake hapo, akakaanga vitumbua. Alasiri alipokung'uta karai, hakuwa ametokea mtu wa kumwambia aondoke. Kesho yake akarudi.

Kijumba chenyewe kilikuwa kidogo, mtu mzima akiingia lazima ainame. Kuta zilikuwa za udongo uliopakwa ngeu nyekundu, na paa lilikuwa la madebe ya mafuta ya taa yaliyonyooshwa, pembe zake zimekunjwa kuelekea juu kama vidole vya mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Ndani hamkuwa na sanamu, wala picha, wala kaburi. Mlikuwa na kiti cha mninga chenye mikono, kimeelekea mlangoni, na kitini hapakuwa na mtu.

Mwenye kijumba aliitwa Asamu, jina ambalo kwao, alisema, maana yake ni mtoto wa tatu, basi. Wajerumani walimleta na wenzake kulima mashamba ya milimani, huko Usambara. Wenzake wengine walikufa, wengine wakarudishwa kwao. Yeye akateremka pwani na kifurushi cha mbegu. Sasa alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu, anauza figili na kabeji, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kizaramo kuliko cha Wazaramo wengine.

Siku aliyokuja kusimama mbele ya moto wa Mwajabu, hakuonekana mwenye hasira.

"Hukuniomba," alisema.

"Nakuomba sasa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kitumbua cha kwanza cha kila siku kiweke mle ndani, mbele ya kiti."

"Nani anakila?"

"Hakuna."

"Basi kitaliwa na sisimizi."

"Jua likipanda unakitoa, unampa mwenye njaa wa kwanza kupita."

Mwajabu akaona hiyo si kodi mbaya. Akakubali, na kuanzia hapo pale ukutani pakawa pake. Hakupata kuwa na kwake kwingine. Chumba alichopanga kwa bibi mmoja kilikuwa cha kulala tu. Mtu akimtafuta Mwajabu aliambiwa aende ukutani, kama mwingine anavyoambiwa aende nyumba fulani.

Habari za kiti alizipata vipande vipande, mzee akipalilia huku na yeye akigeuza vitumbua kule. Katika mji wa kwao, Asamu alisema, kulikuwa na hekalu la mlinzi wa mji. Mlinzi huyo hakuwa Mungu. Alikuwa mtu, tena mtu wa palepale, aliyeishi, akafanya kazi ya watu, akafa, kisha akapewa cheo cha kuendelea na kazi upande wa pili. Alikuwa na ofisi, kama Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Alisikiliza kesi za wafu na kuzichungulia za walio hai. Sanamu yake ilikalia kiti hekaluni, na akizembea, mvua isiponyesha, watu walimtoa nje na kiti chake wakamwanika juani, aone wanachokiona wao.

"Mnamwanika!" Mwajabu alicheka mpaka upande mmoja wa vitumbua ukaungua.

"Siku nzima. Na kofia yake."

Kulizunguka hekalu hilo, mzee alisema, palikuwa na soko lisilolala: wauza tambi, vinyozi, wachonga vitana, wapiga ramli, wasimulizi wa kulipwa kwa kikombe cha chai. Walianza wachache, wakaegemeza mabanda yao kwenye kuta za hekalu kwa sababu ya kivuli. Baadaye hakuna aliyejua tena kipi kimemwegemea mwenzake. Hekalu liliungua katika vita vimoja, likabomolewa katika vingine, na kila mara waliolisimamisha upya walikuwa wauza tambi na vinyozi, si watawala. Wakati wa babu yake Asamu waasi walipoukaribia mji, muuza samaki mmoja alimpakia mlinzi kwenye mkokoteni wake, akamfunika majamvi yanayonuka, akaenda kumficha katika ghala la mchele ng'ambo ya mto. Soko likamfuata huko likafunguliwa. Waasi hawakulichoma lile hekalu. Lilianguka lenyewe, kwa kukosa watu.

"Na huyu wa hapa?" Mwajabu aliuliza siku moja, akionyesha kiti kwa mwiko. "Mbona hukumleta wa kwenu?"

"Yule ana mpaka wake. Hawezi kuvuka bahari. Hapa patapata wake."

"Nani?"

"Bado hajafa," alisema mzee, akaendelea kung'oa magugu.

Soko likakua kama yanavyokua masoko, bila mtu kuamua. Wanawake wa mihogo walichoka kwenda mjini, wakauzia palepale. Akaja Mfaume na samaki wake, mtu mzima tayari wakati huo, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Akaja Mauwa, binti mwembamba wa kuuza mchele kwa kibaba. Watu wakapaita Kwa Mchina. Na kwa kuwa penye kuuza hapakosi kugombana, ikazuka desturi ambayo Asamu hakuifundisha ila aliitazama kwa kuridhika. Wawili wakishindana, kila mmoja aliinama akaingia kijumbani, akaweka mkono kwenye mkono wa kiti, akayarudia maneno yake yaleyale kwa sauti ya kusikika nje. Hakuapizwa wala hakutishwa. Mwanadamu mwenzako unaweza kumkonyeza, unaweza kumlilia. Kiti kinakutazama tu, na maneno yako unayasikia mwenyewe.

Mauwa alishtakiwa mapema na mama mmoja kwamba anapopima mchele huingiza dole gumba ndani ya kibaba. Alikana kwa kelele, kanga ikimtoka begani.

"Karudie ndani," Mfaume akasema.

"Narudia! Kwani naogopa?" Akainama akaingia. Kisha sauti yake ikatoka ndogo: "Mie Mauwa... dole langu..." Halafu kicheko. Akatoka akijifuta macho, akachota mchele konzi moja akaumwaga kwenye kapu la mama yule. "Haya, chukua. Hicho kiti kina macho mabaya."

Siku za biashara mbovu mazungumzo yalirudi palepale: nani atapewa kiti?

"Mie nikifa nipeni," Mfaume alisema.

"Wewe?" Mauwa akamjibu. "Tuje kukulalamikia samaki, useme wako wabichi?"

"Basi Mwajabu."

"Shikamoo, Mzee Mfaume," Mwajabu alisema bila kuinua uso, kama alivyomwamkia kila asubuhi. "Mie nina vitumbua vya kugeuza."

Asamu alikufa wakati wa vita vya Hitla, mwaka ambao mchele uligawiwa kwa kipimo na Mauwa akauza makopa ya muhogo. Alikutwa ameegemea jembe kama anayepumzika. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa haki ambaye hakupata kukipenda kile kijumba, alisema kwa upole kwamba marehemu hakuwa Mwislamu na yeye hawezi kumfanya awe. Wakristo waliulizwa, nao walisema hakubatizwa. Basi soko likamzika mwisho wa bustani, Mfaume akatoa jamvi jipya, na kila mmoja akamsomea alichokijua.

Waliporudi, Mfaume alisema, "Sasa kiti kimepata mtu."

"Hapana," Mwajabu alisema. "Alisema mwenyewe. Mlinzi ni mtu wa palepale. Yeye kwao ni kwao."

"Yeye? Amekaa hapa kuliko mie. Kuliko wewe wa Boko."

Jioni ile Mwajabu aliosha karai mara mbili. Kiti kikabaki kitupu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubisha siku ya maziko, na desturi ikaendelea bila mwenyewe. Kitumbua cha kwanza kiliwekwa, jua likapanda, mwenye njaa akapita.

Vita vikaisha, na Serikali ikaanza kuitazama Temeke. Njia zikanyooshwa, nyumba za safu zikajengwa, na asubuhi moja soko lilikuta vigingi vyeupe vimepigwa katikati ya mihogo. Kigingi kimoja kilikuwa hatua chache kutoka kwenye mafiga ya Mwajabu. Alikizunguka kwenda kuchota maji, akakizunguka kurudi, na usingizi wake ukaharibika. Alikuwa ameanza kupata maumivu ya magoti. Kaka wa Boko alikuwa hai bado, na kinu kile, alivyosikia, kilikuwa hakijapasuka.

Aliyekuja kueleza alikuwa karani Leodegar, kijana wa Bukoba mwenye kaptura iliyopigwa pasi na sauti ya mtu anayepanga maneno kabla ya kuyatoa. Hakuwa mgeni kwa Mwajabu. Mkewe, Kokushubila, hununua vitumbua kila Jumapili akitoka misani. Alisimama mbele ya kijumba, penseli sikioni, na soko zima likamzunguka.

"Soko jipya liko kule juu," alisema. "La saruji. Meza za mboga, meza za samaki, meza za nafaka."

"Za vitumbua?" Mauwa akauliza.

Leodegar alitazama viatu vyake. "Moto ndani hauruhusiwi. Ni amri ya Bwana Afya." Kisha akaelekeza mkono kijumbani. "Na hiki, anataka kujua ni kitu gani. Kama ni pahali pa ibada, hakivunjwi. Kitazungushiwa senyenge na hakuna atakayeuza karibu yake. Kama si pahali pa ibada, ni banda. Mabanda yote yanaondoka kabla ya masika."

Watu walianza kusema kwa pamoja.

"Mwambie si ibada," alisema mwalimu wa chuo. "Kiti hakiabudiwi. Nimelisema hili tangu mvi zangu hazijaota."

"Mwambie ni ibada, kibaki!" Mfaume akapaza sauti.

"Kibaki na nani?" Mauwa akamgeukia. "Na mbuzi? Waende wao kurudia maneno mle?"

"Bora kibaki na mbuzi kuliko kivunjwe!"

"Bibi Mwajabu," karani akasema, "wewe ndiye wa siku nyingi hapa. Niandike nini?"

Mwajabu alikuwa na vitumbua motoni. Alivigeuza vyote kwanza. Hesabu haikuwa ngumu. Akisema ibada, kijumba kitasimama ndani ya senyenge, na ukuta wake utakinga upepo usiompiga mtu. Akisema banda, vyote viwili vinakwenda. Kwa njia zote mbili yeye anarudi Boko. Aliwaza juu ya lile hekalu la ng'ambo ya bahari ambalo waasi hawakuligusa, likaanguka kwa kukosa watu, na mkokoteni wa samaki uliokuwa tayari mbali, kwenye matope ya mto, na mtu mkubwa wa mji amelala chini ya majamvi.

"Mwalimu," alisema, "ulishaniona nasujudu humu?"

Mwalimu alifikiri kwa haki. "Sikuona."

"Mie nimekaanga tu." Akamgeukia karani. "Andika ofisi."

"Ofisi?"

"Ofisi ya soko. Wenye ugomvi wanakuja hapa, wanasema, wanarudia, yanakwisha. Mzee mwenyewe alikuwa akiiita hivyo. Mwenye kiti ni mtu wa kazi, ila hajateuliwa."

Kicheko kilipita kwa watu, lakini Leodegar hakucheka. Alikuwa ameziona ramani, na kwenye ramani palikuwa na chumba pembeni mwa soko jipya ambacho mtu wa kukaa ndani yake alikuwa yeye. Alikuwa amejiuliza, usiku mmoja au miwili, ni nani atakayemsikiliza humo.

"Ofisi ikihama," alisema polepole, "huhama na vyombo vyake."

"Chombo chake ni kimoja."

"Nakiona, Bibi."

"Na hiyo ofisi mpya ina ukuta wa nje?"

"Ina kuta nne."

"Mie nataka ule unaokinga kusi," Mwajabu alisema, akaepua karai.

Neno lilipelekwa, na lilirudi bila swali. Inawezekana Bwana Afya alifurahi kukuta Waafrika wanaomba ofisi badala ya pahali pa ibada. Moto wa kukaangia uliruhusiwa nje, kwenye ukuta, mradi majivu yazolewe.

Kijumba kilivunjwa na vibarua kwa muda mfupi kuliko uliohitajika kukikandika. Mwajabu alisimama kando, mikono imefumbatwa kifuani. Vumbi jekundu la ngeu lilitua kwenye unga wake, akaumwaga. Hakulia. Mtu mmoja aliyachukua madebe ya paa akaezekea choo chake, akashindwa kuzinyoosha pembe, na kwa miaka mingi palikuwa na choo Temeke kilichoinua vidole juu. Kiti kilipakiwa na Mfaume kwenye mkokoteni wake wa samaki, na kwa kuwa kulikuwa na manyunyu alikifunika majamvi yanayonuka. Mwajabu hakupata kumsimulia Mfaume habari za mkokoteni wa kule. Alimtazama akikaza kamba.

Soko jipya lilifunguliwa siku ya jua kali. Leodegar aliingia ofisini, akafungua dirisha, akavuta kiti kilichokuwa karibu akaketi. Nje palikuwa na watu wengi wanaogombea meza, na wote wakageuka kutazama. Mauwa ndiye aliyechungulia.

"Shikamoo, Bwana Karani," alisema kwa adabu kubwa, ingawa alimzidi umri. "Umekufa lini?"

Karani aliruka kama aliyekalia mafiga. Kuanzia siku ile alitumia sanduku la chai mpaka Serikali ilipomletea kiti cha chuma, na kile cha mninga kikasukumwa pembeni, kimeelekea mlangoni. Watu waliendelea kuja kurudia maneno yao. Leodegar alitazama nje wakati wa kurudia. Baadaye alimwambia mkewe kwamba kazi yake ni kukaa chumba kimoja na mtu ambaye hajafika.

Mwajabu alikaanga kwenye ukuta wa ofisi miaka iliyobaki. Kaka yake alipougua alikwenda Boko kumtazama, akarudi siku ileile. Macho yake yalipopungua nguvu, vitumbua vyake vikawa vidogo na visivyolingana, sukari imebanwa, na watu walimnung'unikia wakiwa wanatafuna. Aliugua mwezi wa Ramadhani, mwaka ambao vijana walikuwa wakivaa beji za chama na kuzungumza uhuru kwenye vibaraza. Alikufa kabla ya Idi.

Watoto wa kaka walikuja na lori kumchukua.

"Tunampeleka kwao," walisema.

"Kwao wapi?" Mauwa akawauliza, amesimama mbele ya lori na ungo wake wa mchele.

Hawakubishana sana, na huenda walipata nafuu. Akazikwa Temeke. Mwalimu wa chuo mwenyewe alimwombea dua, akiwa mzee wa kushikwa mkono.

Siku soko lilipofunguliwa tena baada ya maziko, Mauwa alisimama mlangoni mwa ofisi, Leodegar ametoka nje kuwapisha.

"Basi nasema mie," alisema. "Tumpe kiti."

"Mwajabu?" Mfaume alikuwa ameegemea fimbo. "Aliyebana sukari? Aliyekuwa na ulimi ule? Halafu ni mtu wa Boko yule."

"Karudie ndani."

"Narudia."

Akaingia, mgongo umepinda. Mle hapakuwa na haja tena ya kuinama, ila miaka ilikuwa imeinama yenyewe. Akaweka mkono kwenye mkono wa kiti. Watu nje walisubiri kusikia habari za sukari, na za Boko. Walisikia upepo wa kusi ukipita upande wa pili wa ukuta, mahali pa mafiga yaliyopoa.

Mfaume, ambaye kila asubuhi ya maisha yale alikuwa ameamkiwa na mwanamke yule mdogo kwake kwa umri, na hakupata hata mara moja kumtangulia kwa salamu, alisafisha koo.

"Shikamoo, Mwajabu," alisema.

Kisha akatoka, akaenda kufunua samaki wake.